Modeli Ilisema Tisa

Modeli ilisema tisa, mita ilisema mbili, na kiwanda kizima kilikuwa upande wa mita.

Mwenye modeli alikuwa mhandisi wa makamo ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Nukta, kwa sababu hakuwa mtu wa kukadiria. Siku ya harusi yake, mshereheshaji alipotangaza kwamba wageni ni kama mia tatu, bibi harusi alinyanyua shela akamsahihisha: mia mbili tisini na sita, na mmoja wao ni mpiga picha. Ndiyo maana katika picha zote za siku ile bwana harusi anatabasamu na bibi harusi ameinua kidole.

Kazi yake ilikuwa hii. Gesi iliyotoka ardhini mahali pale haikuja safi. Ilikuja na sumu ya salfa, ile inayonuka mayai viza, ambayo ukiivuta kwa wingi hunusi kitu kingine tena hapa duniani. Kwa hiyo kabla haijaingia kwenye bomba la kwenda mjini, gesi ilipitishwa katika mnara mrefu uliopangwa ndani masinia ya chuma yenye matundu. Gesi ilipanda kutoka chini. Kimiminika kiitwacho amini, ambacho pale kiwandani wote walikiita dawa, kilishuka kutoka juu sinia kwa sinia, kikiinyang'anya gesi sumu yake. Dawa ikishiba ilipelekwa mnara wa pili, ikachemshwa kwa mvuke mpaka itapike ilichokula, ikapozwa, ikarudishwa kazini. Ilizunguka hivyo miaka kumi na minane bila likizo.

Bomba la mjini nalo lilikuwa na masharti yake: sumu isizidi sehemu nne katika sehemu milioni moja za gesi. Ikizidi, vali ya wenye bomba inajifunga yenyewe, haiombi ruhusa ya mtu, na huko mjini kituo cha umeme na matanuri ya vigae yanabaki kutazamana. Lakini nani alikuwa na wasiwasi? Mita ilikuwa imelala kwenye mbili tangu baadhi ya wafanyakazi wakiwa bado wanafutwa kamasi. Ni modeli ya Nukta tu, aliyoijenga kwenye kompyuta kwa miezi mitano, sinia kwa sinia na nyuzi kwa nyuzi, iliyoutazama mtambo uleule na kusema bila haya: tisa.

"Binti yangu," alimwambia Babu Valvu, mkongwe wa chumba cha udhibiti, "huo mtambo wa kwenye kompyuta yako uko nchi gani? Nitume salamu."

Babu Valvu alikuwa ameuendesha mtambo ule tangu ulipowashwa, na hakuna aliyejua habari zake kumzidi, hasa zile ambazo hazikutokea. Alikuwa akisimulia kwamba mwaka ule dawa ilipotoa povu, povu lilipanda mnara mzima, likatokea juu, likamnyoa ndevu ndege aliyekuwa anajipitia. Tangu siku hiyo ndege wa eneo lile hawana ndevu. Ukibisha alikwambia uende nje ukamtafute mmoja mwenye nazo.

Nukta hakubisha. Alirudi ofisini kwake, chumba chenye meza moja, kabati lisilofunga sawasawa na feni iliyozunguka kwa kuguna, akakagua hesabu kwa mara ya kumi na moja. Joto lilikuwa sahihi. Mvuke ulikuwa sahihi, tena ulikuwa umefika ukomo. Boila, iliyokuwa imezeeka, isingeweza kutoa hata pumzi moja zaidi. Jibu likaja lilelile.

Kama ingekuwa mzaha tu, angevumilia. Tatizo ni kwamba mkuu wa kiwanda alikuwa ameamua dawa isafishwe. Miaka yote ile ilikuwa imejiokotea chumvi, ambazo mvuke hauwezi kuzifukuza, na rangi yake ilikuwa ya chai iliyosahauliwa jikoni siku tatu. Chumvi hizo zinakula chuma. Pampu mbili zilikuwa zimekwisha kutobolewa. Wasafishaji walikuwa njiani na mitungi yao. Mkuu alichotaka kwa Nukta kilikuwa ukurasa mmoja tu: hesabu inayoonyesha kwamba dawa ikiwa safi gesi itabaki chini ya nne, na sahihi yake chini.

"Karatasi yangu iko tayari?" aliuliza, kichwa kimeingia mlangoni, mwili umebaki nje. Alikuwa mtu mrefu mwenye mambo mengi, na mara chache aliingia chumbani mzima.

"Bado, mkuu. Kuna tofauti kidogo."

"Tisa na mbili ndiyo tofauti kidogo? Mama, mtoto akinijibu hivyo nitamhamisha shule."

"Kuna kitu sijakiona."

"Basi kione. Hamna kitu mnachogeuza humo ndani ili mambo yalingane? Wataalamu wote wanageuza."

Kilikuwepo. Katika modeli ya aina ile kuna kigezo kinachosema kila sinia la mnara linafanya kazi kwa kiasi gani ukililinganisha na sinia kamilifu la vitabuni. Kwa mnara wa kuchemshia, Nukta aliweka sitini kwa mia, kwa kupima matundu na vimo vya masinia yenyewe. Hakuwa na sababu yoyote ya kukigusa. Mkuu alirudi kichwa kikiwa mlangoni, akauliza tena. Akarudi tena. Wasafishaji wakapiga simu kwamba wako kwenye mzani wa barabarani.

Basi akakigusa. Sabini, modeli ikasema saba. Themanini na tano, ikasema nne. Alipofika tisini na nane modeli ikasema mbili, sawa na mita, kama mtoto aliyefinywa. Hakuna sinia duniani linalofanya kazi tisini na nane kwa mia, hata lingekuwa limefungwa jana na waliolifunga bado wamelishikilia. Nukta alilijua hilo. Akauliza swali la pili: dawa ikisafishwa je? Modeli ikajibu mbili. Akachapa ukurasa, akatia sahihi, akaupeleka, na siku ile nzima hakumsahihisha mtu.

Wasafishaji walianza Jumatano. Dawa ikawa inachepushwa kidogo kidogo kwenye mitungi yao, inaacha chumvi humo, inarudi kwenye mzunguko imepunguza uchovu.

Jumapili mchana shemeji yake alikuja kula, kama kila Jumapili. Huyu alikuwa mdogo wa mume wa Nukta, na pale kiwandani alikuwa mpima sampuli wa maabara. Mume mwenyewe alikuwa safarini, kwa hiyo mezani walikuwa watatu: shemeji, Nukta na mama mkwe, ambaye alikuwa mgumu wa kusikia isipokuwa alipotajwa.

"Shemeji, niombee kazi kwenye hiyo kompyuta yako," alisema kijana akijipakulia mara ya pili. "Miaka sita napima chumvi kila wiki, naandika kwenye daftari. Hakuna binadamu aliyewahi kulifungua. Sasa zinaisha. Nitapima nini, machozi?"

"Zimefika ngapi?"

"Zilikuwa mbili nukta sita kwa mia. Leo asubuhi moja nukta tisa. Wale jamaa wanasugua kweli."

"Na mita?"

"Mbili nukta mbili. Babu Valvu anasema ni joto la hewa."

Nukta akatafuna polepole. Mita ile haikuwahi kupanda kwa sababu ya joto la hewa. Hata miezi ya jua kali ilikuwa mbili.

"Kwani wewe," shemeji aliuliza, kwa uchokozi tu, "kwenye modeli yako chumvi uliweka ngapi?"

Kijiko kilisimama nusu ya safari.

"Shemeji?"

"Sifuri," alisema Nukta.

"Sifuri! Wewe! Wewe uliyenirudisha dukani kwa sababu misumari ilikuwa tisini na nane badala ya mia!"

"Mwache mwenzio ale," alisema mama mkwe.

"Hali, mama. Anahesabu."

Ni kweli alikuwa anahesabu, na hakumaliza sahani. Alifungua kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, akasukuma mashati pembeni. Kigezo cha masinia akakirudisha sitini, mahali pake. Kisha akaipa dawa ya modeli chumvi mbili nukta sita, kama dawa ya kiwandani ilivyokuwa kabla ya wasafishaji. Modeli ikafikiri kwa muda wa mtu kujikuna, ikasema: mbili.

Shemeji, aliyekuwa amesimama nyuma yake na mfupa mkononi, hakufanya mzaha. "Mbona hivyo? Uchafu unasafisha?"

"Chumvi zimeketi kwenye viti vya kona," alisema Nukta bila kugeuka. "Kila ukichemsha dawa, sumu nyingi inatoka, lakini ile kidogo ya mwisho inang'ang'ania. Inajificha. Sasa zile kona za kujifichia zimeshakaliwa na chumvi. Sumu haina pa kukaa, inatoka yote. Dawa inarudi kwenye gesi tumbo tupu kabisa."

"Na sisi tunawafukuza waliokaa kwenye viti."

"Wote."

Akaendelea kuiuliza. Chumvi zikiwa moja nukta tano, gesi mbili nukta sita. Zikiwa moja nukta mbili, tatu kamili. Kutoka hapo ngazi iligeuka kuwa mlima mkali: chumvi nusu kwa mia, gesi tano; chumvi sifuri, gesi tisa. Modeli haikuwa imekosea siku hata moja. Miezi mitano ilikuwa inaeleza kwa usahihi dawa ambayo haikuwemo tena kiwandani, ile safi, ambayo sasa walikuwa wanaitengeneza kwa mikono yao. Na yeye, badala ya kuuliza tisa imetoka wapi, aliifinya mpaka ikanyamaza.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa ofisini kwa mkuu. Alimkuta mzima, amekaa.

"Nimekuja kuondoa sahihi yangu," alisema.

"Haiondoki. Ni wino."

Akamweleza. Mkuu alisikiliza huku akigongagonga meza kwa kifuniko cha kalamu, mwanzo taratibu, kisha kama mvua ya mabati.

"Subiri kidogo, mama. Mwezi uliopita modeli ilisema tisa. Wiki iliyopita ikasema mbili. Leo inasema tutapita nne tukiendelea. Nichukue ya siku gani?"

"Usichukue yoyote. Ya wiki iliyopita niliipika. Niligeuza kigezo ambacho hakikustahili kuguswa."

"Mimi ndiye niliyekwambia."

"Uliuliza kama kipo. Aliyegeuza ni mimi, nikatia sahihi nikijua."

Mkuu aliacha kugonga. Nje ya dirisha pampu ya wasafishaji ilisikika ikikohoa. "Hao watu wameagizwa wafike sifuri. Nikiwasimamisha kwa sababu ya modeli iliyobadilika mara tatu, makao makuu watanicheka mpaka nistaafu. Nisipowasimamisha na wewe ukawa sahihi, vali itajifunga na mji utazima. Unaniweka wapi?"

"Naandika namba mbili kabla hazijatokea," alisema Nukta. "Chumvi zikifika moja na nusu, mita itasoma mbili nukta sita. Zikifika moja nukta mbili, itasoma tatu. Nikizipata, wasimame hapo. Pampu zako zitapona, chumvi zitakuwa chini ya nusu ya zilivyokuwa, na gesi itapita. Nikikosa, waendelee, na mimi usinipe tena kitu cha kutia sahihi. Nipeleke stoo nikahesabu boliti."

"Huko stoo utawaua kwa hesabu," alisema mkuu. Lakini alisukuma karatasi kuelekea kwake.

Ile karatasi ilibandikwa kwa gundi ya karatasi chini ya kioo cha mita, chumba cha udhibiti, mahali Babu Valvu alipokuwa amezoea kubandika ratiba ya zamu. Hakupenda. Alivaa miwani, akaisoma, akavua miwani.

"Mimi nilimwona mtabiri mmoja zamani," alisema. "Alitabiri mvua saa tisa kamili. Ikanyesha saa tisa na dakika moja, akaifuata barabarani kuigombeza."

Jumanne asubuhi shemeji aliingia na kichupa cha sampuli, amekishika juu kama kombe. "Moja nukta tano!"

Wote wakageukia mita. Mbili nukta nne.

"Haya," alisema Babu Valvu kwa upole wa mtu anayefunga duka la mwenzake. "Stoo kuna kivuli kizuri, binti yangu."

"Hicho kichupa kimechukuliwa wapi?" Nukta alimwuliza shemeji.

"Kwenye tangi, dawa inaporudi kutoka kwa wasafishaji."

"Basi bado haijafika juu ya mnara. Dawa inachukua dakika arobaini kufika."

"Arobaini?"

"Arobaini na mbili."

Walikaa. Babu Valvu alisimulia habari ya povu na ndege, na safari hii ndege walikuwa wawili, mtu na mkewe. Mkuu alikuja, akasimama mlangoni, kisha akaingia mwili mzima, jambo ambalo lilizungumzwa hata kantini. Dakika ya thelathini na tano mita ikasoma mbili nukta tano. Ya arobaini na moja ikawa imeganda palepale. Ya arobaini na nne, mbili nukta sita.

"Dakika mbili zaidi," alisema Babu Valvu. Lakini alisogeza kiti chake karibu na kile kioo, na hakukisogeza tena siku ile.

Jumatano mchana chumvi zilifika moja nukta mbili. Walisubiri tena, safari hii bila hadithi. Mita ikapanda: mbili nukta nane, mbili nukta tisa, tatu, na ikasimama kwenye tatu nukta moja.

"Ulisema tatu," alisema mkuu.

"Nimekosa kwa moja ya kumi," alisema Nukta, na ilionekana wazi kwamba moja ya kumi ile ilimwuma kuliko wote waliomcheka tangu mwanzo. "Ni yangu hiyo. Sina pa kuisingizia."

Mkuu alitazama karatasi, akatazama mita, akachukua simu ya mezani. "Mwambie bosi wa wasafishaji asimamishe pampu."

Bosi wa wasafishaji hakusimamisha. Alikuja mwenyewe, kofia ngumu kwapani, ameudhika kama mpishi aliyeambiwa azime jiko chakula kikiwa nusu. "Mzee, sisi hatuachi kazi katikati. Nipe siku mbili nikuletee dawa safi ya kunywa. Sasa hivi bado ina rangi."

"Dawa haiendi kuposwa," alisema mkuu. "Iache na rangi yake."

"Mkataba unasema sifuri."

"Mkataba niliuandika mimi kwa kutegemea karatasi ambayo haikuwa sawa. Nitauandika upya."

Wakabishana. Mmoja alileta vifungu, mwingine alileta sauti, na wakati wote huo pampu ya wasafishaji ilikuwa inaendelea kukohoa huko nje. Babu Valvu ndiye aliyeona kwanza.

"Tatu nukta tatu," alisema. Hakuna aliyemsikia. "Tatu nukta nne!"

Aliinuka. Kwa miaka yake hakuwa mtu wa kuinuka haraka, lakini alitoka mlangoni, akashuka ngazi za chuma, na kupitia dirishani walimwona akivuka uwanja kwa hatua fupifupi mpaka kwenye bomba la mchepuko. Alizungusha gurudumu la vali mizunguko kumi na moja. Pampu ikaguna, ikanyamaza. Shemeji alimfuata mbio kumsaidia akakuta kazi imekwisha.

Chumba kizima kiligeukia mita. Dawa iliyokuwa tayari njiani ilikuwa lazima imalize safari yake. Tatu nukta tano. Tatu nukta sita. Mkuu alianza kuhesabu kwa midomo, bila sauti. Tatu nukta saba ilikaa kwa muda mrefu kiasi kwamba bosi wa wasafishaji, aliyekuwa hana lake pale, alijikuta amebana pumzi pamoja nao. Kisha dawa yote ikachanganyika kwenye tangi, na mita ikaanza kurudi: nukta sita, nukta nne. Saa kumi jioni ilikuwa tatu nukta mbili, na palepale ikatulia.

Hakuna aliyepiga makofi. Babu Valvu alirudi kwenye kiti chake akihema, akafungua kitabu cha zamu, akaandika kwa herufi kubwa kwamba mchepuko umefungwa kwa sababu za hesabu.

Ijumaa Nukta alipeleka ripoti kwa mkuu, kurasa nne. Mkuu aliisoma yote akiwa ameketi. Alipofika ukurasa wa tatu alisimamisha kidole.

"Hii sentensi ya nini? 'Nilibadilisha kigezo cha masinia kutoka sitini hadi tisini na nane bila sababu ya kiufundi, ili modeli ilingane na mita.' Mambo yameisha salama, mama. Iondoe."

"Atakayeifungua modeli hii baada yangu lazima ajue. Akikuta namba imebadilika bila maelezo, ataamini ilikuwa na sababu."

"Makao makuu watauliza nani alikusukuma."

"Hawatahitaji kuuliza, nimeshaandika. Sentensi inayofuata."

Mkuu akaisoma sentensi inayofuata. Ilisema kwamba mabadiliko yalifanywa na mhandisi mwenyewe, kwa hiari yake, baada ya mkuu wa kiwanda kufika ofisini kwake mara tatu kuulizia karatasi. Aliisoma mara ya pili. Uso wake ulipitia mambo kadhaa, na kwa sekunde chache ilionekana kwamba ripoti ile ingerudi kurasa tatu. Kisha akachomoa kalamu mfukoni, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake.

"Mara nne," alisema. "Mara ya kwanza ulikuwa umetoka. Niliiulizia kwa feni."

Akatia sahihi yake chini ya ile ya Nukta, akampa karatasi apeleke.